Nani Abaki na Meneja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Ni miezi minne na siku tisa tangu nivishwe pete, na bado nikiamka nageuza shingo kuhakikisha yupo. Yupo! Amelala chali, mdomo wazi kidogo, vidole vina mistari ya grisi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa, nami namtazama kama mtu aliyeshinda bahati nasibu na bado hajaenda kudai zawadi. Ni fundi wa lifti. Mtu akikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, anayekwenda kumtoa ni mume wangu. Nani mwingine ana mume wa namna hiyo?

Naandikia dukani, saa ya chakula cha mchana, nyuma ya mashine ya kusaga lenzi. Duka letu ni la miwani. Kazi yangu ni kukata lenzi zikae kwenye fremu, na kuwasikiliza wateja wakinieleza vitu walivyokuwa hawavioni.

Nyumbani tuko wanne. Kuna Meneja, binti wa mume wangu, ana miaka minne. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu haombi, anaagiza. Mama yake mzazi aliondoka Meneja akiwa na mwaka mmoja. Anaishi mbali na humpigia simu kila Jumapili. Mimi ananiita Mama Miwani, na hata angeniita Mama Ndoo ningeitika. Halafu kuna mama mkwe, mwenye goti bovu na fimbo, ambaye bado ananiita bibi harusi kana kwamba wageni hawajaondoka.

Sasa la moyoni. Jana jioni nilimuuliza tena mume wangu, kwa upole kabisa, tutapata lini mtoto wetu. Hata niliongeza, "Wala sina haraka, mpenzi." Akanyamaza. Si kunyamaza kwa mtu anayefikiri. Ni kunyamaza kwa duka lililofungwa. Alikula kimya, akaosha vyombo kimya, leo asubuhi akanibusu kwenye paji la uso na kuondoka kimya. Hii ni mara ya tatu tangu tuoane. Ya kwanza ilichukua siku mbili. Ya pili siku tano.

Lakini alinibusu. Acha niliandike na hilo.

Jumatano, 6 Machi

Amesema!

Tulikuwa tunakunja nguo zilizogoma kukauka. Alishika soksi moja ya Meneja kwa muda mrefu, halafu akasema huku akiitazama ile soksi, "Ndoa yangu ya kwanza niliiua hivihivi."

"Kwa soksi?" nikauliza. Ulimi wangu huu!

Akacheka. Kweli akacheka. Kisha akasema, "Kwa kunyamaza. Nilinyamaza miezi miwili. Siku anaondoka aliniambia amechoka kulea watoto wawili, mmoja hajui kusema, mwingine hataki."

Nikakaa kitandani juu ya nguo zenyewe.

"Nataka twende kwa mtu," akaendelea. "Mshauri wa ndoa. Swali lako nimelisikia. Jibu ninalo, liko hapa," akagusa koo, "ila tukiwa wawili tu halitoki. Na likikaa sana utachoka, utaondoka."

"Mimi? Niende wapi?"

"Hata mwenzako alisema hivyohivyo."

Wapo wanaume wa kukokotwa kwa mshauri kama mbuzi anayekataa kuvuka barabara. Wangu kajileta mwenyewe, na soksi mkononi! Nilimkumbatia mpaka akaomba hewa. Nilikunja taulo lilelile mara tatu kwa furaha.

Anasema jibu analo. Ni ndiyo au ni hapana? Sikuuliza. Nilimwambia, "Sawa, mpenzi, chochote unachotaka."

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga simu nikiwa nimejificha nyuma ya mashine. Mshauri wa kwanza ana nafasi Jumanne saa kumi jioni. Meneja anatoka shule ya chekechea saa tisa na nusu, nani atamchukua? Wa pili ni Jumamosi asubuhi, saa ileile mama mkwe anapopelekwa kwenye mazoezi ya goti. Wa tatu anachukua wanandoa siku tatu hotelini, "bila watoto, bila simu, bila usumbufu". Tangazo hilo nimelisoma mara nne kama habari za watu wanaoishi mwezini.

Jumapili, 10 Machi

Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuja na watoto wake watatu. Tukiwa jikoni nikamweleza kwa sauti ya chini na kumwomba Jumanne atuchukulie Meneja shuleni.

"Mshauri wa ndoa? Ndoa ya miezi minne? Wifi, hilo gari bado lina nailoni kwenye viti, mshalipeleka gereji?"

"Ni ya kukagua tu, wifi."

"Haya. Nitamchukua. Lakini mama asisikie, atadhani mnaachana, ataanza kulia na goti juu."

Na mume wangu naye hataki mama aambiwe. Siku ya harusi alisimama mbele ya watu wote akasema mama yake amemlelea mtoto miaka mitatu, sasa basi, apumzike. Watu wakapiga makofi. Basi hatumwombi kitu. Hata glasi ya maji tunamletea kabla hajaitaka. Mwanaume anayempenda mama yake hivi! Naona mpaka machozi yananilenga.

Jumanne, 12 Machi

Tulifika. Tulikuwa langoni kabisa kwa mshauri, nimepaka wanja, yeye kavaa shati la bluu la harusi. Simu ikaita. Mwalimu wa chekechea: "Tumebaki mimi na Meneja na mlinzi, na Meneja ameshampa mlinzi adhabu." Mtoto wa mwisho wa wifi alikuwa amepandisha homa, naye kwenye purukushani akasahau kutuambia. Tukageuza. Mvua ikatunyeshea njia nzima.

Meneja alikuwa kwenye ngazi, mkoba mgongoni. "Mmechelewa," akasema. "Msirudie."

Jumamosi, 16 Machi

Leo tumejaribu kwa simu ya video, na yule mshauri wa pili. Meneja alikuwa mbele ya katuni, mama mkwe tumeshamfikisha kwenye mazoezi, sisi chumbani, mlango umefungwa, simu imeegemezwa kwenye kopo la losheni. Mshauri, kijana mwenye sauti nzuri, akasema, "Haya, mzee, tuanze na wewe. Unajisikiaje?" Mume wangu akavuta pumzi. Nami nikavuta. Mlango ukafunguka.

"Huyu nani?" Meneja akauliza.

"Ni rafiki, mama. Rudi kwenye katuni."

Akapanda kitandani, akakaa katikati yetu, akaikamata simu. "Wewe rafiki, umekula?"

Mshauri alisema amekula. Meneja akataka kujua amekula nini, amenawa mikono, na kwa nini nyuma yake kuna pazia la maua. Dakika arobaini ziliisha hivyo. Mwisho mshauri alisema ni mazungumzo mazuri kuliko yote aliyofanya wiki hii.

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Lakini jioni nilipomtazama mume wangu bila yeye kujua, alikuwa ameshika koo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimevunja lenzi mbili. Nampenda.

Alhamisi, 21 Machi

Leo ameingia dukani mama mmoja mrefu, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa plasta ya vidonda. Nikamwambia fremu imekufa, achague nyingine. Nilipokuwa nampima akaniomba nifanye haraka, ana mume na mke wanamsubiri. Nikauliza ndugu zake? Akasema hapana, yeye ni mshauri, na hao wako kwenye kochi lake tangu saa sita.

Nusura nimtoboe jicho kwa rula.

Nikamwaga yote: chekechea, goti, wifi, homa, kopo la losheni. Alisikiliza bila miwani, macho kayakunja. Akasema yeye mwenyewe amelea wanne, ndiyo maana huanza kazi saa moja asubuhi, kabla dunia haijaamka vizuri. Nafasi ya Alhamisi, kila wiki, iko wazi. Ofisi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu!

Chekechea inafungua saa mbili. Meneja je? Mume wangu aliunda mpango jioni hiyohiyo, kwenye karatasi, kwa mishale kama ramani ya nyaya: tunakwenda wote watatu, yeye anaingia nusu saa ya kwanza, mimi na Meneja tunakaa kwenye korido, halafu tunabadilishana. Hakuna wa kuombwa, hakuna wa kusumbuliwa. Fundi ni fundi tu! Kwa mama mkwe tutasema nina jino linalotibiwa kila Alhamisi, na mume wangu ananisindikiza kwa sababu naogopa sindano.

Alhamisi, 28 Machi

Mara ya kwanza. Kwenye korido kuna kochi la kijani na tangi la samaki saba. Mume wangu aliingia, mlango ukafungwa, na mimi nikamsomea Meneja majina ya samaki tuliyoyatunga. Nikasikia sauti yake kupitia ukuta. Si maneno, sauti tu, ndefu, inaendelea, inaendelea! Mume wangu anaongea! Nilitaka kucheza.

Alitoka mabega yameshuka kama mtu aliyetua gunia. Tukapishana mlangoni, akanifinya kidole.

Mshauri aliinua nyusi kuona nimeingia peke yangu. "Mmoja mmoja?" Nikamweleza. Akasema, "Kwa leo, sawa." Nilimsimulia jinsi mume wangu alivyo mwema. Nusu saa ilikuwa fupi mno.

Ijumaa, 29 Machi

Mama mkwe kanipondea viazi kwa ajili ya jino. Laini kabisa, hata donge moja hakuna. "Tafuna upande wa pili, bibi harusi." Nilikula huku nikijishika shavu. Nimeshika la kushoto. Jana nilishika la kulia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mara ya pili. Samaki mmoja amepotea, Meneja anafanya uchunguzi. Mume wangu aliongea nusu saa nzima bila kupumua. Mimi nilizungumzia harusi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mara ya tatu. Tunazidi kuwa hodari: tumekuja, tumepishana, tumeondoka, saa mbili na dakika tano Meneja yuko chekechea.

Jambo moja dogo. Jumapili nilianza kumwambia kitu kuhusu moyo wangu, akasema kwa upendo kabisa, "Hilo liweke la Alhamisi." Na juzi yeye alianza, mimi ndiye niliyesema, "Ngoja Alhamisi, mpenzi." Nyumbani siku hizi tunazungumza habari za mvua, mabomba na nani anunue mkate. Hatujagombana hata kidogo. Nyumba imetulia vizuri sana.

Imetulia mno, labda. Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo mshauri alifungua mlango katikati ya zamu zetu, mume wangu anatoka, mimi naingia, na akasimama hapohapo kizingitini asitupishe.

"Leo mama haingii," akasema.

Nikadhani nimekosea siku.

"Nimewakalia kimya wiki tatu, na kosa hilo ni langu. Nina mume, nina mke, lakini ndoa yenyewe sijaiona. Kila mmoja ananiachia mzigo wa mwenzake na kuondoka mwepesi. Mimi si posta. Alhamisi ijayo mkija pamoja mtakaa pamoja, saa nzima. Mkishindwa, nafasi hii nimpe mwingine."

"Na mtoto?" mume wangu akauliza.

"Hilo ndilo somo lenu la wiki. Nani abaki na mtoto."

"Mimi sibaki," akasema Meneja bila kutoa macho kwenye tangi.

Tulimpeleka Meneja chekechea. Nilikuja kazini nikaweka lenzi ya mteja mmoja kwenye fremu ya mwingine, kosa ambalo sijafanya tangu niajiriwe.

Maana nimeelewa kitu. Mwanamke anayevaa miwani niliyoikata kwa mikono yangu analijua jibu la mume wangu. Analijua! Na mimi ninayelala naye kitanda kimoja, ninayejua chunusi iliyo nyuma ya sikio lake, silijui. Na nimelitaka kwa mwezi na nusu huku nikisema sina haraka.

Nimekumbuka pia swali alilonipa mshauri wiki jana. "Na wewe huwa unakasirika lini?" Nikamjibu, "Mimi? Mimi sikasiriki." Aliandika kitu. Nilidhani ni sifa.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandikia nyumbani, kwenye meza ya jikoni, mchana, kwa sababu hili halisubiri Jumatatu.

Mama mkwe alikuwa anaponda viazi vyangu. Meneja alikuwa chini ya meza na vifuniko vya sufuria.

"Bibi," akasema, "jino la Mama Miwani lina kochi."

"Lina nini?"

"Kochi. La kijani. Na samaki sita. Baba anaingia kwanza kwenye jino, halafu Mama Miwani. Lakini juzi jino lilimkataa."

Mwiko ukasimama. Mama mkwe hakunitazama mara moja. Alifunika sufuria, akakaa, akaweka fimbo magotini. "Bibi harusi, nifungulie mdomo."

Nikaufungua. Nifanyeje? Akachungulia. "Meno thelathini na mbili," akasema, "yote mazima. Wiki tatu naponda."

Nikalia. Nikamwambia yote, nikimalizia kwamba hatuachani, tunapendana, nampenda mwanawe kupita kiasi. Nilitegemea alie kama wifi alivyosema. Badala yake akaita kwa sauti iliyovuka vyumba viwili, "We fundi! Njoo hapa."

Mume wangu akaja na bisibisi mkononi.

"Nani alikwambia nimechoka?"

"Mama..."

"Uliniahidi mapumziko mbele ya watu mia mbili. Nikapigiwa makofi kama karani anayestaafu. Mimi sikuomba kustaafu! Tangu siku hiyo mtoto napewa kumbusu tu, kama picha. Asubuhi mnambeba, jioni mnambeba, nikinyoosha mkono mnaniletea maji. Maji, maji! Mimi ni ua?"

"Goti lako, mama. Meneja anakimbia."

"Goti ndilo bovu. Macho ninayo, na mdomo unausikia. Anakimbia kwa sababu mnamkimbiza. Mtoto wa hivyo anapewa kazi." Akainama chini ya meza. "Meneja! Daktari anasema ninyanyue huu mguu mara thelathini kila asubuhi, na mimi nadanganya, nafanya kumi na mbili. Ninahitaji msimamizi."

Vifuniko vikagongana, kisha kichwa kikatokea. "Nitaleta kiti changu," akasema Meneja.

Mume wangu alikuwa bado amesimama na bisibisi. Nikamwona ameguswa, na nikajua sasa atageuka aondoke kimya. Mama yake akamshika mkono.

"Na la huko kwenye kochi silitaki kulijua. Hilo mpe mkeo."

Miezi yote hii nilimtunza mama huyu kama kikombe chenye ufa, nikajiona mkwe mwema kuliko wote. Nimemwibia mjukuu wake kwa adabu kubwa. Viazi nilikula, kwa meno yote, pande zote mbili.

Alhamisi, 25 Aprili

Tuliwaacha sebuleni. Mama mkwe kanyoosha mguu juu ya stuli, Meneja kwenye kiti chake, mikono nyuma. "Nne. Tano. Bibi, hiyo haikufika juu, rudia."

Na sisi wawili, kwa mara ya kwanza, kwenye kochi moja ndani ya chumba chenyewe. Kina dirisha moja na saa ya ukutani isiyotoa sauti. Mshauri alisema, "Karibuni. Sasa nawaona." Dakika ishirini tulizunguka, kama watu wanaotafuta swichi gizani. Halafu mume wangu akanigeukia, akafungua mdomo, na simu yake ikatetemeka. Lifti ya hospitali. Mgonjwa yumo ndani, na kitanda chake.

"Nenda, mpenzi," nikasema haraka, "hakuna shida."

Akaenda. Mshauri akanitazama kupitia ile miwani.

Najua ilibidi aende. Ningemdharau asingekwenda. Lakini daftari ni langu, acha niandike: kuna shida. Nimekasirika. Nimemkasirikia yeye, na mgonjwa, na kamba za chuma za lifti zote duniani. Nimekasirika tangu Machi.

Jumapili, 28 Aprili

Mama mkwe amefikia ishirini na nne. Meneja anasema hajaridhika.

Alhamisi, 2 Mei, mchana

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitaruka huku na kule.

Tulipokaa tu, mshauri kabla hajafungua daftari lake, nikasema, "Nina haraka."

Mume wangu akatazama saa. "Ya kwenda wapi?"

"Ya mtoto. Nilikwambia sina haraka. Nilikwambia mara tatu. Nilikudanganya, kwa sababu nikisema ukweli unafunga. Nina miaka thelathini na mbili, nataka mtoto, nimechoka kuwa mpole, na umemwambia huyu mama jibu ambalo hujaniambia mimi." Sauti yangu ilikuwa juu. Sikuijua.

Akanyamaza. Nikaona bega lake linapanda, uso unaanza kufungwa kama kila mara. Mshauri hakumwokoa. Mimi nilijiuma ulimi, na nilikuwa na maneno matano matamu tayari ya kumwokoa nayo. Sikuyasema. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika ndoa hii.

Sijui ilikuwa dakika ngapi.

"Bado," akasema.

Basi. Neno moja, la mkwaruzo. Halafu likavuta mengine. Akasema mke wake wa kwanza alipomuuliza swali hilo, yeye moyoni alitaka kusema bado, akasema ndiyo, kwa kuogopa kumuudhi. Meneja akazaliwa, naye anampenda kuliko pumzi yake, lakini ile 'bado' ilibaki kooni, ikageuka kazi za ziada, ikageuka kimya, mpaka nyumba ikaisha. "Wewe ukauliza," akaniambia, "nikaona nikisema ndiyo nitarudia yaleyale, na nikisema bado utasikia hapana. Nikakosa la kusema."

"Kwa hiyo si hapana?"

"Nataka mtoto na wewe. Nataka Meneja aanze shule ya msingi kwanza, atulie, akuzoee, asione amebadilishwa. Miaka mitatu."

"Mitatu!" nikasema. "Mitatu? Unanionaje, mimi ni jiwe?"

Mshauri akajiegemeza kwenye kiti, na nakwambia alitabasamu.

Saa ikaisha tukiwa bado kwenye mitatu. Tukatoka, mvua inamwagika, na mwavuli tuliokuwa nao ni mmoja. Basi tukagombana chini yake, bega kwa bega, maana anayesogea analowa. Nilisema mwaka mmoja. Akasema mwaka mmoja Meneja atakuwa hajui hata kufunga viatu. Nikasema Meneja anasimamia goti la mtu mzima, viatu ni nini? Akasema nisimtanie. Nikasema sitanii, nimekasirika. Akasema, "Hata mimi!" kwa sauti, na mama mmoja aliyejikinga mvua chini ya kibaraza akageuka kututazama. Sijawahi kumsikia mume wangu akipaza sauti. Nilishikwa na hasira na furaha kwa pamoja, sikujua nianze na ipi.

Kwenye kona ya duka saa yake ya kazi ikafika. Hatukuwa tumekubaliana kitu. Aliniachia mwavuli, akaenda zake na mvua, hakunibusu kwenye paji.

Sasa ni saa saba na nusu na sijagusa chakula. Tangu asubuhi nasikia ukimya wake unavyokuja. Nimemjua sasa: akishasema jambo zito hurudi ndani na kufunga mlango. Safari hii ni jambo zito kuliko yote, na mimi ndiye niliyempigia kelele barabarani. Itakuwa siku tano? Miezi miwili?

Nampenda. Siyaondoi maneno yangu, lakini nampenda.

Siku hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni

Nilimchukua Meneja, nikapika, nikapanga sahani nne kwa uangalifu kama mtu anayetega kitu. Mama mkwe alinisoma uso, akampeleka Meneja chumbani kwake kwa kisingizio cha mguu.

Nikasikia viatu vya kazi kwenye ngazi. Vizito, polepole. Ufunguo ukazunguka. Aliingia amelowa, akainama kufungua kamba za viatu, kimya. Kiatu cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka. Nikashika ukingo wa meza.

Akainua kichwa.

"Na jambo la pili," akasema, "huo mwaka wako mmoja umeuhesabu kuanzia lini?"